Kaseti Haimngoji Mtoto

Bergen, 14 Septemba 1987

Tiril amepata kazi! Solfrid, kama umesimama kaa kitako kwanza, kisha usome tena: Tiril wangu amepata kazi, na si kazi ya kubeba trei. Atazunguka chekechea za pwani yote ya kaskazini, akae na watoto, asikilize wanavyoimbiwa na wanavyoimba wenyewe, kisha awaambie walimu wapi pamenoga na wapi pamepooza, na namna ya kupachangamsha palipopooza. Yaani mtu analipwa kusikiliza watoto wakiimba! Na mtu huyo nimemzaa mimi, mimi niliyeambiwa shuleni nifungue mdomo tu bila kutoa sauti, nisije nikawapoteza wenzangu.

Haya, sasa salamu, maana kalamu ilinikimbia. Hujambo, mdogo wangu? Goti lako je? Kondoo wa jirani bado wanakula kabichi zako? Mimi mzima. Mvua ya huku haijakatika tangu Agosti, mpaka mwavuli umekuwa kiungo cha mwili. Pale kwenye tanuri la mikate wamenipa zamu ya alfajiri, na watu wanasema maandazi yangu ndiyo yanayowatoa kitandani. Sisemi mimi, wanasema wao. Mama Gjertsen wa ghorofa ya chini, yule ambaye mwanawe ni daktari wa meno, nilipompa habari za Tiril alinyamaza tangu mlangoni hadi kwenye visanduku vya barua. Mwaka mzima nimesikia habari za meno. Sasa zamu yangu.

Na sikiliza Tiril anavyofanya kazi. Hahesabu vinanda wala ngoma zilizomo kabatini. Anatazama midomo ya watoto. "Mama," ananiambia, "chekechea inaweza kuwa na piano tatu na watoto mabubu." Mimi sikusoma mbali, lakini hilo nimelielewa mara moja.

Sasa lililonifanya nishike kalamu: chekechea ya kwanza atakayokwenda ni yenu hapo Skarvøya. Ni kwako, unakolea watoto! Mkubwa wake alipiga simu nyumbani, nami nikamwambia: "Bwana, masikio ya mtoto huyu yametengenezwa na mama yake mdogo. Mpelekeni kwanza huko akaonje asali, ndipo aende kwenye nta." Tiril akaninyang'anya simu, uso umemwiva. Lakini nilidanganya? Nilipokuwa nikisafisha samaki kiwandani, nani alimlaza Tiril nje, kama wachanga wote wa kwetu, kwenye kigari chake chini ya dirisha, theluji imefika kwenye magurudumu, yeye ndani ya sufi, pua tu inatoa moshi? Nani alimwimbia? Nilikuwa nikirudi nakusikia wewe kabla sijaiona nyumba. Nilidhani ni mlima wenyewe unaimba.

Jibu upesi. Nimeshamwambia kila mtu.

Dada yako,
Jorunn

*

Skarvøya, 25 Oktoba 1987

Dada yangu Jorunn,

Barua yako ilifika na meli ya pwani, nikaiweka dirishani, na kila nilipotaka kuijibu nikajikuta natazama nje. Nisamehe kwa kuchelewa. Mwezi huu ni wa kutazama. Theluji ya kwanza imekaa juu ya mlima, haijashuka, kama mgeni anayesita mlangoni. Jua sasa linatembea kwa magoti. Linachungulia, linagusa maji, linajirudia zake, na saa nane mchana kila kitu kina rangi ya buluu: nyumba, kondoo, mikono ya watu. Goti langu ni lile lile. Kabichi waliimaliza. Nimekufumia soksi, na glavu za Tiril, nyekundu.

Mpe hongera. Mwambie mama yake mdogo amefurahi, na ni kweli.

Ila mwambie aanzie kwingine. Bahari ya Novemba si ya kusafiri. Chumba cha wageni kina unyevu. Watoto nao wana kikohozi, watamwambukiza. Isitoshe hapa siku hizi hatuimbi sana. Nilinunua redio kaseti. Wanaimba watu wa mjini, sauti safi, kuna na akodiani. Watoto wanakaa kwenye zulia, wanasikiliza, wametulia kabisa. Hakuna cha kuja kusikiliza hapa, dada.

Usihangaike kupiga simu. Waya wa huku upepo umeingia ndani, mtu hasikii.

Mwaka jana nilikwenda hospitali ya bara, ilikuwa shingo. Jambo dogo, lilikwisha. Nalitaja tu usije ukalisikia kwa watu.

Mdogo wako,
Solfrid

*

Bergen, 4 Novemba 1987

Solfrid we!

Salamu nyingi, na soksi zimefika, zimenikaa kama nimezaliwa nazo. Tiril alizijaribu glavu mezani, akala nazo supu. Mimi sijambo, ila mwili unauma. Nimeoka mikate mingi mno, sijui ni ya nani.

Haya, tuambiane ukweli kidogo. Unyevu wa chumba cha wageni! Mtoto huyo alilala nje kwenye barafu miezi sita ya kwanza ya maisha yake, leo unyevu utamfanya nini? Kikohozi! Watoto wa chekechea wasio na kikohozi umewaona wapi? Na hiyo kaseti sijaielewa. Wewe na kaseti? Ni kama mwenye kisima kununua maji ya chupa.

Na jambo dogo la shingo ni nini? Nimepiga simu mara nyingi mwaka huu. Ama haipokelewi, ama inapokelewa, nasikia mtu anapumua, halafu inakatwa. Upepo haupumui hivyo, mdogo wangu. Mimi ni mkubwa wako, nilikusuka nywele, pumzi yako naijua.

Umekasirika? Nimejisifu kupita kiasi? Mama Gjertsen anasema nina mdomo kama mlango wa ghala. Lakini nikiwa na kitu kizuri nikifiche kwa sababu gani?

Tiril ameshaondoka. Atafika kwako katikati ya mwezi huu, kabla jua halijazama moja kwa moja. Nimempa jibini ya kahawia ile unayoipenda na mkate niliouoka mwenyewe. Sikumpa maelekezo yoyote. Nilimwambia tu: mama yako mdogo akianza kuimba, weka kalamu chini.

Jorunn

*

Skarvøya, 6 Desemba 1987

Dada yangu,

Natumai mvua imekupunguzia. Jua limekwenda, mpaka Januari. Tulilisindikiza kwa macho, siku moja ukingo tu, siku ya pili wekundu tu, kisha hata wekundu hakuna. Tunaishi ndani ya buluu sasa, na baada ya chakula cha mchana buluu nayo inaondoka. Jana taa za kaskazini zilicheza juu ya uwanja watoto wakivaa maovaroli yao, kijani na zambarau, kama mtu anakung'uta shuka mbinguni. Hakuna aliyepiga mluzi, taa zisije zikashuka zikamchukua. Mwiko huo wanaujua hata wale ambao hawajaota meno.

Tiril alikuja. Dada, amekuwa mzuri. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni, hakuomba kiti kingine. Nikawasha kaseti. Watoto walikaa mikono mapajani. Ylva, yule wa miaka minne mwenye maswali, alijaribu kuimba, akashindwa kuifikia, kaseti ikawa imekwisha kwenda mbele. Akageuka akaniuliza, mbele ya Tiril: "Shangazi Solfrid, mbona kaseti yako ina haraka? Inakwenda wapi?"

Nikampangusa pua. Tiril naye hakucheka. Alitazama midomo ya watoto, ulivyosema. Baadaye akaniambia taratibu, "Mama mdogo, ungewaimbia ule wimbo wa kigari?" Nikasema ngoja nikaangalie wachanga waliolala nje, nikatoka. Nikakaa huko mpaka akina mama walipokuja kuchukua watoto wao. Tulikunywa kahawa, tukazungumza habari za kondoo. Asubuhi akapanda meli. Hakuniambia ameandika nini, nami sikuuliza. Mtoto niliyemlaza kifuani amekuja kunipima, akakuta zulia na mashine.

Sasa nakwambia, maana umeuliza, na pumzi yangu umeitambua. Waliniondolea uvimbe shingoni. Walifanya vizuri, waliniambia mapema kwamba uvimbe umeukumbatia mshipa wa sauti. Nimepona. Ila sauti haikurudi. Kilichobaki ni bawaba ya mlango wa banda. Naanza neno, linakatika katikati, nangoja, linarudi likiwa limechoka. Sikukwambia kwa sababu wewe kila barua unaandika habari ya sauti yangu. Ningekuandikia nini? Kwamba kile unachojisifia hakipo?

Siku ya jua ya mwaka huu, liliporudi Januari, tulipanda mwambani na watoto kama kawaida, wazazi wote, maandazi ya jua kwenye beseni. Unakumbuka desturi: mlezi anaanzisha, watoto wanaliimbia jua litoke. Mimi nilibeba redio kaseti. Baridi ikaingia kwenye betri. Waimbaji wa mjini wakaanza vizuri, kisha wakawa wazito, kisha wakawa kama ng'ombe wenye usingizi, kisha kimya. Watoto walinitazama. Nami nilikuwa na mdomo, dada, nikaufunga. Jua likatoka, likatukuta hatuna la kuliambia. Likachungulia kidogo na kuzama. Mpaka leo huota ndoto hiyo, ila katika ndoto halitoki kabisa.

Nimewaambia wazazi wa kamati kwamba baada ya siku ya jua ijayo naacha kazi. Wapate msichana mwenye koo. Watoto wana haki ya kuimbiwa.

Usimlaumu Tiril. Amefanya kazi yake.

Solfrid

*

Bergen, 27 Desemba 1987

Mdogo wangu, mdogo wangu Solfrid,

Heri ya Krismasi, na samahani kwanza. Barua yako niliisoma nimesimama kwenye ngazi, nikakaa pale pale, Mama Gjertsen akaniletea maji. Nikamwambia yote. Unajua alisema nini? Alisema, "Mwanangu wa meno hajanitembelea tangu masika." Tukakaa wawili kwenye ngazi. Kumbe ni mtu mzuri.

Nina hasira nawe. Mwaka mzima na zaidi unabeba jambo hilo peke yako kama gunia la chumvi! Ulidhani nampenda nani, koo au mdogo wangu? Haya, hasira imekwisha.

Sasa nisikilize. Tiril amekuja likizo. Tangu mwezi uliopita nimekuwa nikimuuliza kwenye simu, "Kwa mama yako mdogo umeonaje?" na yeye, "Mama, mambo ya kazi siyasemi." Juzi nikampikia uji wa krimu na mdalasini, hakusema. Nikampa na maandazi, akala, hakusema. Mtoto kawa kabati la chuma! Basi nikachukua barua yako, nikamsomea mezani. Nilipofika pale pa ng'ombe wenye usingizi alicheka, na pale pa mdomo uliofungwa akaanza kulia. Akafuta uso kwa zile glavu zako.

"Mama," akasema, "mama mdogo hajui kilichotokea siku ile?"

"Atajuaje, wewe umekunywa kahawa ukaongea kondoo!"

"Yeye ndiye aliyeongea kondoo. Kila nikitaka kusema, alileta kondoo mwingine."

Ndipo akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema. Ulipotoka nje kwa wachanga, yeye alizima kaseti. Dirisha lilikuwa limeachwa wazi kidogo, vile mnavyoliacha ili msikie mtoto mchanga akilia. Wewe ukainama kwenye kigari cha kwanza, ukaanza ule wa kwetu:

*Jua limekwenda lala*
*nyuma ya mlima ule;*
*nalo jua lina mama,*
*mama atalirudisha.*

Lakini hukufika mbali. Ulisema "Jua limekwenda" ukakatika. Ukangoja pumzi. Na kule ndani, Solfrid, wale watoto waliokuwa wamekaa kama mizigo ya bandarini wakasema: "lala!" Ukasema "nyuma ya mlima," ukakatika, wakasema: "ule!" Wakainuka, wakaenda dirishani, Ylva akapanda juu ya kiti. Kila ulipokatika wao walijaza, kumbe kila siku wanakusikia kupitia dirisha lile. Tiril anasema kuna katoto pale hakajawahi kusikika kakitamka neno, walimwambia ni bubu, na hako ndiko kalikoimba "mama" kwa nguvu kuliko wote. Wewe hukusikia, upepo ulikuwa upande wako, na kofia masikioni.

"Nimekaa chekechea nyingi msimu huu," Tiril akasema. "Nyingine zina piano, nyingine zina walimu wenye sauti kama fedha. Mwalimu anaimba vizuri, anaimba mpaka mwisho, watoto wanampigia makofi. Sijaona pengine popote wimbo wenye milango ya kuingilia. Kaseti haimngoji mtoto, Mama. Mama mdogo anamngoja, hata kama ni koo linalomlazimisha. Niliandika kwamba pale kuna muziki mzuri kuliko wote, ila unaimbwa nje ya ukuta. Dawa yake si kununua kitu. Ni kumwingiza ndani."

Hivyo ndivyo alivyosema binti yangu. Mimi ningesema kwa maneno mengi zaidi.

Basi usiache kazi. Ingia ndani tu, uimbe ukikatika.

Dada yako asiye na sauti tangu kuzaliwa, na bado anaimba akioka,
Jorunn

*

Skarvøya, 5 Januari 1988

Dada Jorunn,

Heri ya mwaka mpya. Meli ilikawia kwa dhoruba, barua imefika jana. Niliisoma, nikavaa koti, nikaenda hadi chini ya lile dirisha na kusimama pale kwenye theluji, sijui kwa nini. Palikuwa kimya. 

Leo sikuwasha kaseti. Nilikaa kwenye zulia. Nilianza kwa sauti ile ile ya bawaba, nikakatika, nikafumba macho kwa aibu. Na kweli walijaza. Sitakuelezea zaidi, kalamu haiwezi. Ylva tu ndiye aliyesema, wakati wa kuvaa viatu: "Shangazi, leo wimbo umetungoja."

Kazi siachi kwanza. Lakini mwambani, dada! Pale juu watu wote wapo, wazee, wavuvi, akina mama na kamera. Nikikatika pale na watoto wakaona haya wakanyamaza? Jua litatoka mara ya pili mbele ya mdomo wangu uliofungwa. Sijui kama naweza.

Nawe, mbona huniambii nyumba imekuwaje tangu Tiril ahamie huku juu kaskazini? Barua zako zimejaa mikate. Mtu mmoja anaoka mikate ya nani?

Solfrid

*

Bergen, 12 Januari 1988

Mdogo wangu,

Hatujambo wote, mvua ipo. La mikate usiniulize. Nyumba ni kubwa, ndivyo ilivyo, na redio naiwasha vyumba vyote viwili. Nimeomba ruhusa kazini, nikapewa hadi Pasaka. Kausha chumba cha wageni.

Naja na meli ya pwani. Mama Gjertsen naye anakuja, anasema hajawahi kuona jua likizaliwa, na akiumwa jino njiani atajijua mwenyewe. Tiril atateremka kutoka bara. Nitakaanga maandazi ya jua hapo hapo jikoni kwako, jamu tele, ya kisiwa kizima, uone kama si yangu yatakayokwisha kwanza.

Na mwambani nitasimama ubavuni mwako. Ukikatika, watoto watajaza. Watoto wakiona haya, nitajaza mimi, kwa sauti hii unayoijua, ambayo shakwe wakiisikia hudhani wameitwa kula. Nikishaimba mimi, nani pale atakumbuka kukusikiliza wewe? Waambie wazazi, waambie wavuvi, mwambie na mwenye kondoo. Redio kaseti iache nyumbani.

Tunakuja wote mwambani siku ya jua, Ijumaa, tarehe ishirini na mbili Januari, kabla ya saa sita mchana.

Jorunn